Mauntingi ya giaboksi kwenye Hilux za zamani: kwa mnaoanza gereji

Wadogo zangu mnaoingia gereji sasa hivi, nyingi mtakazoshika ni gari za juzi juzi, ila itafika siku mzee mmoja ataleta pikapu yake Hilux ya miaka ile ya 1978 mpaka 1983, ile yenye injini ya 18R au dizeli ya L, na atakwambia tu "inagonga nikiachia klachi". Hauzi hiyo gari, usimpe hilo wazo hata kwa utani. Kwenye gari ya umri huo mauntingi ya giaboksi ni mshukiwa wa kwanza, sawa, ila kazi yenyewe ya kubadilisha ni fupi, kinachotaka akili ni kujua imekufa kwa sababu gani, maana usipojua hilo mzee atarudi na mlio ule ule na safari hii hatakuwa anacheka.

Kwanza uielewe. Mauntingi ni raba iliyounganishwa na vyuma viwili kiwandani, chuma kimoja kinafungwa kwenye giaboksi na kingine kwenye krosmemba, ule ubao wa chuma unaokatiza chasisi chini ya giaboksi. Kazi yake ni mbili, kubeba uzito wa nyuma wa injini na giaboksi, na kumeza mtikisiko usifike kwenye bodi. Raba ikishaachana na chuma giaboksi inabaki imekalia tu, haijashikwa, ukiachia klachi inaruka halafu inarudi, ndo hiyo "ngo" anayoisikia mzee. Na giaboksi ikilala chini, gia liva inaanza kugusa ukingo wa tundu la sakafu, wengine hapo gia inaruka barabara mbovu na fundi anakimbilia kufungua giaboksi nzima bure.

Sasa usije ukachanganya na krosi za propela (viungio vya ule mti wa chuma unaopeleka mzunguko toka giaboksi mpaka difu), maana mlio unafanana sana. Weka gia huru, funga magurudumu kwa mawe, ingia chini ushike propela kwa mkono uizungushe huku na huku, ukisikia inalia kwenye krosi basi umeshapata mgonjwa mwingine. Halafu sikiliza mtikisiko unakuja lini. Gari imesimama, injini iko sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), na bodi inatetemeka, angalia mauntingi (pamoja na injini yenyewe kama inamisi, yaani silinda moja haichomi vizuri). Gari inatembea na mtetemeko unapanda kadri spidi inavyopanda, na hata ukitoa gia ukaiacha iteleze bado upo, hiyo ni propela, senta beringi (ile inayoishika propela katikati) au matairi. Ila kuna ujanja hapo, mauntingi iliyolala inashusha mkia wa giaboksi, pembe ya propela inabadilika, na propela nzima kabisa inaanza kutetema. Ndo maana nasema mauntingi kwanza, propela ukapime baadaye.

Kuikagua wengi wanakosea hapa. Wanalala chini wanamulika tochi, wanaona raba iko vizuri, wanasema nzima. Uzito wa giaboksi umeikandamiza, ufa umefumba! Weka jeki chini ya giaboksi na kipande cha ubao katikati, maana ile bodi ya giaboksi ni alumini na jeki inaweza kuipasua, kisha pandisha taratibu kidogo tu. Ukiona raba inabaki chini na chuma kinapanda, au ufa unafunguka kama mdomo, habari imeisha. Angalia pia kama raba imevimba na imelainika, ukiishika inaacha weusi mkononi. Hiyo haijafa kwa uzee, imelowa oili.

Na hii ndo sehemu ninayotaka muishike kuliko zote. Raba ya kawaida haipatani na oili, inavimba inaoza. Oili inatoka wapi? Mara nyingi ni oili sili (raba ya kuzuia oili isitoke) ya nyuma ya giaboksi, pale propela inapoingilia, inadondoka kidogo kidogo na upepo unaipeleka kwenye mauntingi. Ukifunga mpya bila kugusa hiyo sili umeilisha oili raba mpya. Kwa hiyo sili kwanza. Ukitoa propela piga alama ya rangi kwenye flenji (zile sahani za chuma zinazofungwa bolti) kabla ya kufungua, irudi vile vile ilivyokuwa, na kama propela ya gari hiyo inachomekwa ndani ya giaboksi basi oili itamwagika ukiivuta, pandisha mkia wa gari au funga tundu kwa mfuko wa plastiki na raba bendi.

Sababu ya pili ni mauntingi mbili za mbele za injini. Zikichoka hizo ya nyuma inabeba kazi ya zote tatu. Kuzipima, fungua boneti, mwenzio akae kwenye usukani, hendibreki juu, mguu kwenye breki, aingize namba moja aachie klachi kidogo tu mpaka gari itake kwenda, kisha akanyage klachi tena, halafu arudie na rivasi. Wewe simama PEMBENI, usisimame mbele wala nyuma ya gari hata kama mwenzio unamwamini vipi. Injini ikinyanyuka upande mmoja kwa nguvu, mwambie mzee anunue zote tatu. Atalalamika, mweleze tu.

Kwenye kununua, ukienda kwenye maduka ya spea, Gerezani Dar au kule Nairobi Kirinyaga Road, nenda na ya zamani mkononi, usiende na jina la gari peke yake. Linganisha nafasi ya matundu na umbo la vyuma, ila usilinganishe urefu, ya zamani imeshakaa chini miaka yote hiyo lazima iwe fupi. Ikunje mpya kidogo, ikionyesha nyufa ndogo ndogo imezeeka rafuni, raba inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Na hizi za kukata tairi na kutoboa? Kumfikisha mtu nyumbani kutoka porini sawa, mimi siwezi kukulaumu, ila usimkabidhi mteja kama kazi iliyokamilika, hazizuii giaboksi kwenda pembeni na nyingine ni ngumu mpaka mtikisiko wote unahamia kwenye bodi.

Kufungua kwenyewe: dawa ya kutu au dizeli kwenye bolti usiku wa kuamkia, toa terminali ya betri, gari kwenye stendi, sio jeki peke yake. Piga picha na simu, mauntingi nyingine zina mbele na nyuma. Giaboksi inashikwa na jeki yake na ubao muda wote, ipandishe mpaka uzito utoke tu kwenye raba na uishie hapo, ukizidisha feni inagusa kava ya rejeta, mpira wa klachi unavutika, waya wa spidomita nao unakaza. Ukikuta bolti ya krosmemba inakataa usiilazimishe kwa bomba refu, nati nyingine zimechomelewa ndani ya chasisi na ikikatikia humo umejipa kazi ya siku nzima.

Kufunga, bolti zote anza kwa mkono, zote, usikaze hata moja. Shusha jeki, rudisha terminali ya betri, washa injini iache itetemeke kidogo ikae yenyewe, zima, ndipo ukaze. Ukikaza wakati jeki bado imebeba, raba inakaa imepinda na itachanika mapema. Bolti ya M10 (unene wa milimita 10) ya daraja 8.8 inakazwa kwa Nm 45 hivi kwenye spana ya toki, kitabu cha gari kikisema tofauti fuata kitabu. Mwambie mzee arudi baada ya wiki uzikague tena.

Akirudi anasema bado kuna bati linalia chini, usirudi kwenye mauntingi. Giaboksi imepanda mahali pake pa zamani na bomba la egzosi limepanda nayo, nenda kaangalie kama halijagusa krosmemba, na hanga zake za raba nazo mara nyingi zimekatika siku nyingi ila hakuna aliyekuwa anazisikia.