Jibu: Vita vya Majimaji, anza na pamba

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje watoto wa darasa la sita wanapocheka wakisikia kwamba babu zetu, walipopigana na wakoloni wa Kijerumani, waliamini maji ya dawa yatazuia risasi. Usianze na maji, anza na pamba. Waeleze jinsi watu walivyotolewa mashambani mwao kwa viboko wakalime shamba la pamba la serikali ya kikoloni, huku mtama wao ukimezwa na magugu na malipo yakiwa kiduchu. Waulize: ungekuwa wewe? Ukifika Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, kusini mwa Tanzania, wanapong'oa miche ya pamba na vita kuanza, hutasikia kicheko. Ndipo umlete Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, ambaye maji yake ya dawa yaliunganisha makabila yasiyozoea kupigana upande mmoja.

Na usiishie kwenye mapigano. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hapo wengi tunapita mbio mno, na inaniuma. Mkipata nauli, wapelekeni Makumbusho ya Majimaji, Songea, waone kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa 1906. Waambie pia kwamba Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo kuomba radhi. Watauliza mengi, kwa hiyo watengee kipindi kizima.