Kihamba hakinunui pointi za tenisi

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne, na kwa sasa hapa Moshi hakuna kijana wa rika lake anayemshinda tenisi. Amejitokeza wakala anayesema kwa shilingi milioni 18 atampeleka Tunisia wiki nane, atampatia waildikadi (nafasi za upendeleo) za uhakika kwenye mashindano ya kulipwa, na ndani ya mwaka mmoja atakuwa kwenye nafasi ya 500 duniani na kuanza kujitegemea. Namba ya IPIN, ile ya usajili wa mchezaji wa kimataifa, ameshamfungulia. Nina sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, ambayo ndugu yangu mmoja yuko tayari kuinunua. Naomba kujua: wiki nane zinatosha, au nitafute fedha za wiki kumi na mbili? Mzazi, Kibosho.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kihamba usiuze. Nimeanza na hilo ili hata barua hii ukiisoma nusu, neno lenyewe liwe limekufikia.

Maswali ya namna hii huniandama mwaka mzima, na mengine wazazi huja nayo hadi pembeni ya kiwanja hapa Arusha nikiwa nafundisha. Kila mmoja anataka kujua atoe kiasi gani ili mtoto apate pointi, zile zinazompa mchezaji nafasi kwenye orodha ya dunia. Sijakutana bado na mzazi aliyeniuliza pointi ikishapatikana inalipa nini. Wakala wako anaishi ndani ya pengo hilo.

Shindano la ngazi ya chini kabisa kwa wanaume linaitwa M15, kwa kuwa zawadi za wachezaji wote zikijumlishwa zinafika dola 15,000. Wengi wakisikia elfu kumi na tano wanadhani ni za bingwa. Bingwa anaondoka na dola elfu mbili na ushei. Anayetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu, yaani shindano lenyewe, hafikishi dola 200, na kodi ya nchi mwenyeji inakatwa humo humo. Anayetolewa kwenye mchujo, mechi za kugombea kuingia droo hiyo, anarudi hotelini mikono mitupu. Pointi nazo ni hivyo hivyo: katika M15 pointi ya kwanza ya ATP, chama kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume, inakuja ukishinda mechi ya kwanza ya droo kuu. Mchujo wake hauna pointi. Na kijana asiye na kiwango chochote cha dunia anaanzia kwenye mchujo, tena ikiwa jina lake limepita kwenye orodha ya kuingia.

Sasa tupige hesabu ya wiki zako nane. Weka dola 70 kwa siku, za kulala na kula, kwa siku 56, hiyo ni dola 3,920. Weka dola 900 za ndege kwenda na kurudi, na dola 400 za nyuzi za raketi, viatu, dobi na teksi. Umefika dola 5,220, ambazo kwa shilingi 2,500 kwa dola ni zaidi ya milioni 13, na kocha hujamlipa. Chukulia mwanao ana bahati kubwa, anaingia droo kuu kila wiki na kutolewa raundi ya kwanza. Wiki zote nane hazitamfikisha dola 1,600, na atarudi bila pointi hata moja. Ukiongeza nne zifike kumi na mbili, hasara inakua kwa kipimo kile kile.

Utaniambia huo ni mwanzo tu, akifika nafasi ya 500 mambo yatakaa sawa. Hapa ndipo huwa napandwa na hasira, na naomba uniwie radhi. Mwaka 2018 jopo huru lililochunguza uadilifu katika tenisi lilitoa ripoti yake. Lilisema wapo watu kama 15,000 wanaojiita wachezaji wa kulipwa, na wanaopata fedha za kutosha kurudisha gharama zao ni kati ya 250 na 350 tu. Kabla ya hapo Shirikisho la Tenisi Duniani, ITF, lilifanya hesabu zake za mwaka 2013 na kukuta kwamba mchezaji mwanaume alitumia wastani wa dola 38,800 kwa mwaka kwa safari, malazi, chakula na vifaa, bila kuhesabu kocha. ATP walipoanzisha mpango wa kumhakikishia mchezaji kipato cha chini mwaka 2024, waliishia kwenye nafasi ya 250. Huyo wa 500 hayumo. Namba yake inaonekana kwenye kompyuta za dunia nzima, na bado anaazima nauli.

Nimewaona kwa macho yangu. Miaka mashindano haya yalipokuwa yakiitwa Futures nilicheza wiki tano mfululizo. Nilishinda mechi mbili za mchujo na sikupata pointi yoyote. Hotelini tulilala watatu chumba cha wawili. Jirani yetu alikuwa kwenye nafasi za mia nne na kitu. Alikuwa na mashine ndogo ya kufunga nyuzi, usiku akiwafungia wenzake raketi kwa malipo apate cha kula kesho, na asubuhi anaingia kiwanjani kucheza na hao hao. Alikuwa na sevu, mpigo wa kuanzisha pointi, ambayo hadi leo sijaiona Tanzania. Wengi wa aina yake wanaoweza kuendelea hupata fedha pembeni, hasa kwenye ligi za klabu za Ujerumani na Ufaransa, kwa sababu klabu humlipa mchezaji kwa mechi. Wakala wako hakukutajia hilo. Naamini halijui.

Tuje kwenye waildikadi za uhakika. Waildikadi ni nafasi chache anazozigawa mwandaaji au chama cha tenisi cha nchi mwenyeji, na mara nyingi huzigawa kwa vijana wa nchi hiyo. Kijana wa Kibosho asiye na kiwango apewe wiki nane mfululizo nchini Tunisia kwa sababu gani? Majibu ni mawili. Ama ni uongo, na mtafika Monastir, mji wa mashindano huko Tunisia, mkaambiwa jina halipo, ama kuna mtu anapewa fedha ili aitoe. Hilo la pili ni kosa katika kanuni za kupambana na rushwa kwenye tenisi, na adhabu haimpati mtoaji peke yake. Mwanao anaweza kufungiwa kabla hajashinda mechi moja, wakati wakala ambaye hakujisajili popote anatafuta mzazi mwingine Mbeya au Mwanza.

Mtu wa waildikadi siogopi atakachokula, milioni zinatafutwa zikapatikana. Naogopa anayekuja nyuma yake. Mwanao akiwa wiki ya tano, amepoteza mechi tano, fedha zimebaki za siku kumi na nyumbani anajua ardhi imeuzwa, ujumbe utaingia kwenye simu yake kutoka kwa mtu asiyemjua. Hataombwa apoteze mechi nzima. Ataombwa apoteze gemu moja ya sevu yake, au seti ya pili tu, kisha mechi ashinde kama anaweza. Ataahidiwa fedha zinazozidi za bingwa wa shindano. Mashindano haya madogo yanachezewa kamari duniani kote, na viwanjani hakuna watazamaji. Kijana mwenye deni la kihamba kichwani atajibu nini?

Wapo waliokuwa juu sana kuliko ndoto aliyokuuzia huyo bwana, na walianguka. Karim Hossam wa Misri alifika nafasi ya 337 duniani. Mwaka 2018 alifungiwa maisha kwa kupanga matokeo. Mdogo wake, Youssef, alifika nafasi ya 291, naye akafungiwa maisha mwaka 2020. Hawa ni watu wa bara letu, waliokuwa na viwanja na mashindano mlangoni kwao. Sisemi umaskini unahalalisha kosa. Nasema mzazi anayemsafirisha mtoto kwa fedha asizomudu kuzipoteza anampeleka pale akiwa ameshadhoofishwa. Na mtoto ajue kwamba hata akikataa, kukaa kimya ni kosa: anayefuatwa na watu hao anatakiwa aripoti kwa ITIA, chombo cha uadilifu wa tenisi.

Uwezo wa mwanao sijaugusa, na sitaudharau kwa kuwa sijamwona. Kushinda wote Moshi ni jambo zuri, lakini hakusemi mengi kuhusu Monastir. Kuna kipimo kinachoitwa World Tennis Number, kinaanzia 40 kwa anayeanza na kushuka hadi 1 kwa walio bora kabisa. Muulize wakala namba ya mwanao ni ngapi na waliopita mchujo wa wiki iliyopita kule walikuwa na ngapi. Asipojibu papo hapo, hajui anauza nini.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo vijana wetu hulipuuza. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za ITF huhesabu mahali palipozidi mita 1,219 kuwa ni mwinuko mkubwa, hata mipira ina aina yake. Hewa ni nyepesi, mpira unakimbia. Ninyi Moshi mko chini zaidi, na mwanao akija kucheza huku bila shaka anauona unavyoruka. Monastir iko ufukweni. Sevu inayompa pointi ya bure huku, kule inarudishwa, na pointi inayoisha kwa mipigo mitatu inakuwa ya mipigo kumi na mbili. Nimeona vijana wenye mikono mizuri wakiishiwa pumzi na subira katika seti ya kwanza, halafu wazazi wakaambiwa mtoto alirogwa.

Mwanao ana miaka 17, na hili wakala ameliruka kwa sababu halina kamisheni. Bado anaruhusiwa mashindano ya vijana ya ITF hadi mwisho wa mwaka atakaotimiza 18. Hayana zawadi ya fedha, lakini yanampa kiwango na yanamweka mbele ya makocha wa vyuo vya Marekani. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda Wimbledon ya wasichana kwa wachezaji wawili wawili mwaka 2022, baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn. Kule mchezaji anasoma, anafundishwa, anacheza mechi nyingi, na kitanda chake hakitegemei matokeo ya Jumanne. Vyuo hivyo vina kanuni zao kuhusu fedha ulizokwisha kupokea na muda uliopita tangu umalize sekondari, kwa hiyo miezi ya kuzunguka ovyo inaweza kumpunguzia miaka ya kucheza. Mwambie arudi kwenye vitabu mwaka huu huu.

Kama anataka kujipima na watu wazima, Nairobi imekuwa ikiandaa mashindano ya ITF. Ni basi la siku moja kupitia Namanga, bila ndege. Acheze mchujo, wewe au mjomba wake mwandike gemu alizoshinda, mara alizokosa sevu zote mbili, na anavyocheza akishachoka. Wiki mbili za namna hiyo zitawafundisha mengi, na shamba litabaki na migomba yake.

Limebaki moja, na hili lifanyike leo. IPIN mchezaji hujifungulia mwenyewe kwenye tovuti ya ITF, na kuna somo la uadilifu la mtandaoni ambalo anatakiwa alimalize kabla ya kucheza. Ikiwa wakala ndiye aliyefungua akaunti, basi nenosiri analo yeye, na huenda somo alilipita yeye huku mwanao hajasoma hata mstari mmoja. Anaweza kumwandikisha kwenye mashindano asiyoyajua, akajitoa kwa kuchelewa, na faini ikaandikwa jina la mtoto. Mwombe nenosiri hilo kwa upole, mwanao alibadilishe akiwa amekaa pembeni yako, aweke barua pepe yake mwenyewe, kisha alisome lile somo kwa sauti nawe ukisikiliza. Wakala akikataa kulitoa, mwanao awaandikie ITF moja kwa moja kwa jina lake, aambatanishe nakala ya pasipoti, na aeleze kwamba akaunti imefunguliwa na mtu mwingine.