Kabla ya kuwasha gari kwenda Grand Canyon, hesabu vitanda

Safari yetu ya kwanza ya gari kwenda kaskazini mwa Arizona na kusini mwa Utah tuliipangia dola 1,500, ikala 2,600. Tulikuwa wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili, kwa gari letu wenyewe, siku saba. Tuliporudi Phoenix nilizimwaga risiti zote mezani nikazitenga mafungu mafungu, maana nilikuwa na hakika mafuta ndiyo yametumaliza. Sivyo. Mafuta hayakufika hata dola 200. Hela ilikuwa imelala hotelini.

Usiku mmoja tuliingia Tusayan, kijiji kilicho nje kidogo ya lango la kusini la Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, saa mbili na nusu usiku, watoto wamesinzia, hatujaweka nafasi popote. Vyumba vimejaa. Kilichobaki kilikuwa cha dola 310, tukalipa, kwa sababu mji wenye vyumba vingi uko zaidi ya saa moja gizani na paa huvuka barabara hovyo usiku. Siku nne baadaye tukawa Las Vegas, kwenye hoteli niliyoikodi mtandaoni kwa dola 45 nikijisifu nimepata. Mapokezi wakaniambia kuna ada ya resort, yaani nyongeza ya hoteli juu ya bei ya chumba, dola 45 kwa kila usiku, na gari kulala pale ni dola 18. Chumba cha 45 kikawa cha 108, kodi bado.

Tangu hapo mimi siiangalii ramani kwanza. Naanza na vitanda. Nachukua daftari, naandika usiku wa kwanza hadi wa mwisho, na mbele ya kila usiku naandika mji, bei pamoja na kodi na ada zote, na tarehe ya mwisho ya kuufuta bila kukatwa. Usiku usio na kitanda hauruhusiwi kubaki kwenye daftari. Vitanda vikishakaa ndipo barabara inajipanga yenyewe katikati yake.

Jambo la pili nililojifunza ni kutohama kila siku. Kila unapofunga mizigo unalipa: unatoka umechelewa, unakula barabarani, unafika umechoka na unakubali bei yoyote. Safari ya pili, ambayo tulikwenda na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, tulilala miji mitatu tu. Flagstaff siku mbili, Kanab siku tatu, Las Vegas usiku mmoja. Kutoka Flagstaff hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kama maili 80, unakwenda asubuhi unarudi jioni. Kanab ni mji mdogo wa Utah mpakani na Arizona, na kwa bajeti ya familia naupenda kuliko mji wowote wa upande ule. Hifadhi ya Zion iko kama maili 40, na ya Bryce Canyon kama 77. Springdale, iliyo mlangoni kabisa mwa Zion, ni pazuri, lakini nilipolinganisha bei za usiku tatu, tofauti ilitosha kutulisha wiki nzima.

Sasa hesabu yenyewe. Gari letu huenda kama maili 28 kwa galoni, na galoni ni lita 3.8 hivi. Mzunguko wote, Phoenix, Flagstaff, Grand Canyon, Page, Kanab, Zion, Bryce, Las Vegas na kurudi, ni kama maili 1,250. Nikaongeza 150 za kuzunguka, ikawa 1,400, yaani galoni 50. Nikaipa kila galoni dola 4 ingawa bei siku ile ilikuwa chini ya hapo, nikapata 200. Ukikadiria bei ya juu, pampu haikushtui. Anayevuka kwenda California ajaze tangi Arizona au Nevada kwanza, maana ng'ambo mafuta ni ghali kuliko huku. Tena mtu asiiachie sindano ya mafuta ishuke chini ya nusu akiwa Utah: kwenye barabara kuu ya I-70, kati ya Green River na Salina, kuna zaidi ya maili 100 bila kituo hata kimoja cha mafuta.

Malazi usiku sita, pamoja na kila ada: 750. Chakula dola 40 kwa siku: 280. Kukagua gari, mafuta ya injini na tairi moja lililokuwa limechoka: 120. Viingilio: 90. Dharura: 300. Jumla, pamoja na zile 200 za mafuta, 1,740 kwa watu watano.

Kwenye viingilio pana siri ya wazi ambayo wengi wetu hatuijui. Grand Canyon ni dola 35 kwa gari, Zion 35, Bryce 35. Hiyo ni 105. Kadi ya mwaka iitwayo America the Beautiful ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani, na inaingiza gari zima katika hifadhi zote za taifa kwa miezi 12. Hifadhi tatu tu zimeshairudisha. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2026 mambo yamebadilika kwa asiye mkazi: kadi yake ya mwaka ni dola 250, na asiye nayo, akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi, anaongezewa dola 100 katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, zikiwemo hizi tatu pamoja na Yosemite na Yellowstone. Kama unamleta mzazi au ndugu kutoka nyumbani, weka hilo kwenye daftari kabla hata hajaomba viza.

Kadi hiyo haifanyi kazi kila mahali. Horseshoe Bend, pale mto Colorado unapojikunja kama kiatu cha farasi karibu na mji wa Page, Arizona, maegesho ni ya mji na unalipa dola 10. Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe, iko kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, huingii bila mwongozaji wao, na kwa watu watano gharama yake ilikuwa kubwa kuliko malazi yetu ya siku tatu. Tuliiacha. Monument Valley nayo ni yao, na wanatoza kwa kichwa.

Chakula ndipo nilipookoa zaidi. Kwa sisi tunaokula halali, miji midogo ya jangwani haina namna: ama ubebe, ama ule viazi vya kukaanga wiki nzima. Siku mbili kabla ya safari nilipika pilau ya kuku na maharage ya nazi, nikavitia kwenye makopo bapa, nikavigandisha mpaka vikawa mawe. Chupa kumi za maji nazo nikazigandisha. Ndani ya deli nilizipanga chupa chini na pembeni, makopo katikati, chapati juu kabisa zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko. Sikununua barafu mpaka siku ya nne, na chupa zilipoyeyuka tulikunywa maji yake. Kila chumba nilichokodi nilihakikisha kina friji na maikrowevu. Maji ni galoni moja kwa mtu kwa siku, hata kama hamwendi kutembea mbali. Hewa ya kule ni kavu, mtu anakaukiwa bila kutoka jasho akajua.

Saa nazo zitakuchanganya usipojiandaa. Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi, Utah inasogeza, na ardhi ya Wanavajo iliyo ndani ya Arizona inafuata utaratibu wa kusogeza. Kutoka Flagstaff hadi Kanab siku moja ya mwezi wa kumi, simu ilibadilika mara tatu: mbele tulipoingia kwa Wanavajo, nyuma tulipofika Page, mbele tena tulipovuka kwenda Utah. Mama aliuliza kama adhuhuri imeingia, kila simu ikatoa jibu lake. Akashuka garini, akatazama kivuli chake, akatandika mswala. Kama umeweka miadi yoyote Page, ulizia ni kwa saa za wapi.

Tulichagua mwezi wa kumi kwa sababu shule nyingi za Phoenix hufunga wiki moja wakati huo, na makundi ya Julai yameshapungua. Joto pia limelegea. Kwa kiangazi siwezi kumshauri mtu mwenye wazee au watoto kuongeza Death Valley, bonde la jangwa la California, njiani. Ndipo palipoandikwa nyuzi 56.7 za Selsiasi tarehe 10 Julai 1913. Kinyume chake, Flagstaff na Grand Canyon viko juu ya mita 2,000, na Bryce inapita 2,400. Mwezi wa kumi usiku maji yaliganda kwenye kioo cha gari. Bebeni makoti mazito, na mgeni kutoka pwani mtafutieni glavu.

Wazee msiwaogopee njia. Ukingoni mwa Grand Canyon upande wa kusini kuna mabasi ya bure na njia ya lami iliyo sawa, na ndani ya Zion basi la bure ndilo linalokupeleka bondeni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Muhimu ni kuwahi, maana maegesho hujaa mapema asubuhi. Siku ya Bryce tuliondoka Kanab saa kumi na moja alfajiri. Jua lilipochomoza zile nguzo za mawe ziliwaka rangi ya tanuru kuanzia juu kushuka chini, na mama, kajifunga khanga juu ya koti, aliniambia, "Mwanangu, hata picha usipige kwanza. Tazama." Kufika pale tulitumia mafuta yasiyozidi dola 25.

Anayekuja kutoka nyumbani na kukodi gari, aulize mambo matatu kabla ya kulipa: bima iko ndani ya bei au nje, kuna nyongeza kwa dereva aliye chini ya miaka 25, na kurudisha gari mji mwingine kunaongeza kiasi gani. Aache pia nafasi kwenye kadi ya benki, maana kampuni hushikilia amana mpaka gari lirudi. Na apewe siku moja ya kuzoea kushika upande wa kulia, mjini taratibu, kabla ya barabara kuu.

Hela yenyewe tuliipata kwa upatu. Tuko akina mama kumi hapa Phoenix, wengi Wakongo na Warundi, dola 100 kila mwezi, na niliomba zamu yangu iwe ya mwezi wa tisa. Hiyo ikawa 1,000. Zilizobaki nilizitoa kidogo kidogo kwenye kila mshahara tangu Machi. Fungu la dharura liliguswa mara moja, dola 140 za tairi lililopasuka kabla ya kufika Kanab, na 160 zilirudi nyumbani.

Hizo 160 ndizo zimefungua daftari jipya, la Yosemite. Barabara ya Tioga, inayokatiza milima kule juu, hufungwa na theluji kuanzia kama Novemba hadi Mei au Juni, kwa hiyo tunalenga mwisho wa Julai. Usiku wa kwanza na wa pili vina vitanda tayari. Natafuta wa tatu.