Kerneli mpya kwenye Debian 13: usiijenge mwenyewe

Mdogo wangu wa Kirumba, unasema laptopu yako mpya haioni Wi-Fi kwenye Debian 13 (mfumo wa Linux), na unataka kuijenga kerneli mwenyewe, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa kama Wi-Fi. Ya nini kujitesa? Kujenga kutakula saa nyingi, na umeme ukikatika katikati utaanza kulalamika. Halafu kerneli ya kujijengea haina sahihi ya Debian, kwa hiyo Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokagua sahihi wakati wa kuwaka) itaikataa mpaka uitie sahihi kwa ufunguo wako na kuusajili ufunguo huo.

Debian 13 ilitoka Agosti 2025 na kerneli 6.12. Mpya zaidi huwekwa kwenye hazina (ghala la programu) ya trixie-backports; trixie ni jina la Debian 13. Fungua /etc/apt/sources.list, ongeza mstari huu:

deb http://deb.debian.org/debian trixie-backports main non-free-firmware

Kisha:

sudo apt update
sudo apt install -t trixie-backports linux-image-amd64

Usiache hilo "-t". Hazina hiyo ina kipaumbele cha chini makusudi, kwa hiyo bila kuitaja, apt (kisakinishi cha programu) itakupa ileile ya zamani. Kama una draiva za DKMS (zinazojengwa upya kwa kila kerneli), ongeza linux-headers-amd64 kwenye amri hiyohiyo.

Kabla ya yote, andika sudo dmesg | grep -i firmware. Ikilalamika kuna faili limekosekana, shida inaweza kuwa firmware tu, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi ya Wi-Fi yenyewe. Kadi ya Realtek huhitaji firmware-realtek, ya Intel firmware-iwlwifi. Bando lako litapona.

Kerneli ya zamani usiifute. Mpya ikigoma kuwaka, utaichagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kompyuta inapowaka.

Intaneti ya kupakulia chukua kwenye simu kwa waya wa USB, kwa kawaida Debian huitambua yenyewe.