Re: Hifadhi yetu ndogo tuipangeje kwa miaka kumi ijayo?

Mkuu, umesema familia zinazidi kuja na watoto na kamati inataka bembea na vibanda katikati ya msitu. Mi ningesema hebu subirini kwanza, anzeni na ramani sio majengo. Angalieni zile hifadhi za biosfia za UNESCO (programu yao ilianza 1971), yani maeneo ya kulinda mazingira huku watu wakiendelea na maisha yao, wanagawa eneo sehemu tatu, kiini cha katikati hakiguswi, kinafuatiwa na ukanda wa kukilinda, halafu nje kabisa ndo shughuli za watu. Hata eneo dogo linagawika hivyo.

Kwahiyo familia ziwekeni karibu na geti, hapo kuwe na kijito, magogo ya kupanda, matope ya kuchezea, yani mtoto akipata kijiti na maji hiyo bembea hata haikumbuki.

Njia ndo msizembee kabisa, maana udongo ukikanyagwa sana unashikana, maji hayazami, mizizi inakosa hewa, mvua ikinyesha njia inageuka mtaro na watu wanaanza kupita pembeni kukwepa tope, mwakani njia imekuwa mara mbili. Bora moja fupi ya mzunguko, iliyotengenezwa vizuri, kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu vipite, kuliko vichochoro kumi.

Pesa ya matunzo itengeni kabla ya kujenga chochote, wafadhili wanapenda kuzindua, kukarabati hawapendi 😅

Halafu hati ya ardhi iko kwa jina la nani? Kama hilo halijakaa sawa hayo mengine yote yasubiri.