Barua kwa mwanangu kabla hujanunua tiketi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mmejibana mwaka mzima ili muwapeleke watoto kwenye bustani ya burudani kwa siku mbili, na sasa una wasiwasi hela itaishia getini. Unauliza: mlipie ile tiketi ya kuruka foleni au muachane nayo? Tena unataka kujua mimi na baba yako tuliwezaje enzi zile.

Hatukuweza. Wewe ulikuwa na miaka sita, huwezi kukumbuka. Nilivaa viatu vipya vya wazi, nimependeza kweli, na ilipofika saa sita mchana kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge kubwa kama kifungo cha koti. Likapasuka. Tangu hapo nikawa mtu wa kulipa tu. Nilinunua maji, kwa sababu bomba tulishalipita na sikuwa na mguu wa kurudi. Tulikula kwenye mgahawa wa bei mbaya kuliko yote, kwa sababu ndio uliokuwa na viti karibu. Nikakununulia na mdoli ili unyamaze, nikae. Usiku baba yako alizihesabu risiti bila kusema neno. Tiketi tulizipigia hesabu miezi mitatu. Kisigino hatukukipigia hesabu.

Kwa hiyo kabla ya foleni tuanze na miguu. Pale ndani mzazi aliyechoka hauliziulizi bei. Kila mtu avae raba alizokwisha kuzizoea, si za kufungulia safari. Beba soksi za pili kwa kila mmoja, mbadilishe mchana. Utashangaa soksi kavu zinavyomaliza ugomvi. Na plasta hubandikwa ngozi inapoanza kuwaka, usingoje mpaka itoke maji.

Maji nayo. Bustani ya Disneyland ya California ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 jua lilikuwa kali hasa. Mafundi bomba walikuwa wamegoma kabla ya hapo, kwa hiyo mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakutoa kitu, na lami ilikuwa laini kiasi kwamba visigino vya viatu vya kina mama vilizama. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nimepata wenzangu! Siku hizi kwenye bustani za Disney za Marekani unaweza kuomba glasi ya maji ya barafu bure kwenye kaunta zinazouza soda. Watu wengi hununua chupa kwa kutojua tu. Bado, kila mtoto awe na chupa yake kutoka nyumbani.

Chakula kina sheria tofauti kila mahali. Hizo za Disney za Marekani zinakuruhusu kuingia na chakula chako, ila si pombe wala chombo cha kioo. Tokyo Disneyland hawataki chakula cha kutoka nje kiliwe ndani. Soma sheria za hapo mnapokwenda kabla hujapanga begi. Mkiamua kununua, kuleni saa tano na nusu, wakati wengine bado wanapanga foleni za michezo. Hao wengine wakianza kugombea meza, nyinyi rudini kwenye michezo.

Haya, tiketi ya kuruka foleni. Usiinunue kabla hujawapima watoto kimo. Kila mchezo mkubwa una kimo chake. Ile treni ya gizani ya Space Mountain kule Florida, kwa mfano, inataka sentimita 112. Nilimwona baba mmoja akimnong'oneza mwanawe asimame kwa ncha za vidole mbele ya mti wa kupimia. Mhudumu akachuchumaa, akamgusa mtoto viatu taratibu mpaka visigino vikashuka, kichwa kikabaki chini ya mstari. Yule mtoto hakulia pale pale. Alilia baadaye, kwenye benchi, na ikabidi anunuliwe kitu. Sasa kama wawili kati ya watatu wako hawafiki, hiyo tiketi ya ziada mtailipia ya nini?

Badala yake fikeni getini nusu saa kabla halijafunguliwa. Saa ya kwanza ndiyo dhahabu: nendeni moja kwa moja kwenye mchezo unaotafutwa na wote, msisimame kupiga picha. Na mlangoni pa kila mchezo mkubwa uliza kama wazazi wanaruhusiwa kupokezana, yaani mmoja abaki na mtoto mdogo, kisha mwenzake aingie bila kupanga foleni upya. Bustani nyingi zina utaratibu huo, lakini asiyeuliza mara nyingi haambiwi. Siku ya pili mkiona foleni imewashinda, hapo ndipo mfikirie kununua.

Kitinda mimba wako anatimiza miaka mitatu mwezi wa tisa, sivyo? Bustani za Disney hazitozi aliye chini ya miaka mitatu. Nendeni kabla. Mimi nikija, nipelekeni Bakken, bustani ya burudani karibu na Copenhagen, Denmark, ipo tangu 1583 na kiingilio ni bure, unalipia mchezo unaoupanda tu. Nitashika mikoba kutwa nzima bila kuwagharimu kitu.

Mchana, kama sheria zao zinaruhusu kutoka na kurudi, rudini mlikofikia mkalale kwa muda wa saa mbili. Wewe pia, usiseme utafua. Makoti ya mvua yatoke nyumbani. Mvua ikinyesha wengi hukimbia, na ikikatika mtakuta foleni fupi, ingawa radi ikiwepo michezo ya nje husimamishwa.

Vikorokoro vya ukumbusho: kila mtoto apewe hela yake mkononi tangu asubuhi, ikiisha imeisha. Mkubwa wako atarudi nayo nusu, namjua. Wapige picha kila asubuhi na nguo walizovaa, na wadogo waandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika.

Leo usiku wapime wakiwa na raba zao, uniandikie namba. Mkubwa akipungukiwa sentimita mbili, mwambie mkiwa nyumbani bado.

Mama yako