Nondo wa kijani mwenye mikia

Ndugu, umeuliza kama nondo wa kijani mwenye mikia uliyemkuta ukutani ni yule wa Madagaska, na umlishe nini. Kwa maelezo yako huyo ni Argema mimosae, wa Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Wa Madagaska, Argema mittrei, ni wa manjano na mikia yake ni mirefu zaidi. Hakikisha wako ni mimosae: ukingo wa mbele wa bawa una manyoya ya kijivu, na kila bawa lina doa kama jicho.

Chakula usihangaike (mimi nilimwekea wangu asali bure), akishakuwa nondo hali kitu. Huishi siku chache tu. Zima taa, ataondoka usiku. Mabawa usiyashike, unga wake hutoka. Viwavi wenye manyoya usiowajua usiwaguse. Ukiwagusa na jicho lako likavimba, wahi hospitali.